Commando (1985): nimeirudia ukubwani, kumbe miaka yote ilikuwa komedi

Kuna tamthilia moja ya Kikorea kila mtu kazini anaisifia, vipindi kumi na sita, nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimelala kwenye kochi na miwani usoni. Sasa Jumamosi iliyopita mke wangu alikuwa na kikao cha harusi ya mdogo wake, nimebaki nyumbani na binti yetu wa darasa la sita, nikasema basi leo ngoja nimwonyeshe baba yake alikulia kwenye nini. Nikaweka Commando. Dakika tisini, hakuna aliyelala, na bisi ziliisha kabla hata ile ndege haijapaa.

Naongelea ile ile Commando ya Arnold Schwarzenegger ya mwaka 1985, sio hizi za Kihindi zilizoazima jina. Najua kuna watu humu watanicheka, mtu mzima na kitambi chake anaandika rivyuu ya picha ambayo stelingi anabeba gogo la mti begani kama anabeba mkungu wa ndizi, nichekeni tu. Nimeshaangalia picha zilizochukua tuzo, nimelia kwenye nyingine mpaka nikasingizia vumbi, lakini nikiambiwa nichague moja ya kuangalia usiku wa leo nimechoka na kazi, nachagua hii na sijiulizi mara mbili. Nitaificha tu rimoti mtu akiingia.

Kwa ambao hawajaiona (mmeishije?) stori yenyewe inaenea nyuma ya kiberiti. John Matrix ni komandoo mstaafu, anaishi mlimani na binti yake Jenny, wanalambishana aiskrimu, wanalisha swala kwa mkono, wanavua samaki, yaani dakika mbili tatu za upendo zimeshindiliwa kama nguo kwenye begi la safari ili uelewe huyu baba anampenda mtoto, ukishaelewa basi, helikopta imefika. Watu wa dikteta mmoja aliyepinduliwa anaitwa Arius wanamteka Jenny, wanamwambia Matrix nenda kamuue rais wa Val Verde, ukikataa mtoto harudi. Val Verde usiitafute kwenye atlasi, waliitunga tu wenyewe, na wakaipenda mpaka ikarudi kwenye Die Hard 2 mwaka 1990. Wanampandisha Matrix kwenye ndege na msindikizaji mmoja, safari ya masaa kumi na moja angani. Matrix anamvunja yule msindikizaji shingo akiwa kakaa naye siti moja, anamfunika na kofia, anashuka kupitia kwenye tairi za ndege wakati ndege inapaa, anajiachia, anatua kwenye kinamasi, anasimama anaset saa yake ya mkononi. Masaa kumi na moja yanaanza kuhesabika, maana ndege ikitua bila yeye Jenny anauawa.

Hapo kwenye kinamasi nataka nikae kidogo. Jamaa kadondoka kutoka kwenye ndege. Ndege! Mimi nimewahi kushuka daladala haijasimama vizuri pale Ubungo nikachechemea wiki nzima, huyu kaanguka juu juu huko, hata suruali haijachanika, anajipangusa na kuangalia saa kama mtu anayewahi foleni ya benki. Binti yangu akaniangalia. Nikamwambia usiulize, angalia.

Mara ya kwanza kuiona hii picha nilikuwa mdogo kuliko yeye. Wadogo zetu wa sasa hawajui, lakini Tanzania bara televisheni ilikuja 1994, Zanzibar walitutangulia miaka mingi sana, sisi huku ukitaka picha unaenda kibanda umiza. Chetu kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nje, deki moja na tivii imefungiwa kwenye sanduku la chuma kama mfungwa. Hela ya kiingilio nilikuwa naitoa kwenye chenji ya sukari, na mama alikuwa anajua, nimekuja kugundua baadaye sana kwamba alikuwa anajua. Pembeni ya deki anakaa jamaa na maiki anatafsiri. Hii ni kabla hatujapata kaseti za Lufufu zilizotafsiriwa kabisa (Wakenya nyie mna DJ Afro wenu mnaelewa nachosema), huyu wetu alikuwa wa mtaani tu na Kiingereza chake, nitasemaje, kilikuwa cha kujitolea. Picha ikianza alikuwa anatupa mgawanyo: "Huyu ndio stelingi. Hawa maadui. Huyu mwenye sharubu ni rafiki aliyegeuka, mwangalieni huyu." Baada ya hapo anafuata picha na kichwa chake.

Na tulielewa KILA KITU. Mtoto kaibiwa, baba anamfuata. Kuna mtu duniani anahitaji sabutaitoli kwa hilo? Sisi pale kwenye benchi tuliichukulia kama jambo zito kabisa, tulikuwa tunaogopa kweli, Matrix akipigwa tunanyamaza, akiinuka kibanda kizima kinasimama na mabenchi yanaanguka. Ilikuwa ni kama hadithi ya bibi, jitu limemla mtoto na baba kaenda kulipasua tumbo.

Sasa Jumamosi nimeiangalia na Kiingereza kichwani, na hii ndio sababu naandika. Kumbe yule Matrix muda wote alikuwa anatania! Miaka thelathini na kitu mimi nina huzuni na huyu baba, kumbe mwenyewe anapiga vichekesho juu ya maiti. Pale kwenye ndege baada ya kumvunja yule mtu shingo, mhudumu akipita anamwambia asimsumbue rafiki yake, amekufa kwa uchovu. Nikasimamisha picha nikacheka peke yangu, mtoto akasema baba mbona mtu kafa unacheka.

Halafu utamu zaidi, utani wenyewe mwingine ukiuhamisha kwenye Kiswahili hauharibiki hata kidogo, kama vile uliandikwa Kariakoo. Kuna adui mmoja mfupi mwenye mdomo anaitwa Sully, mwanzoni Matrix alimwambia wewe mtu wa kuchekesha, nakupenda, nitakuua wa mwisho. Baadaye anamkamata, anamning'iniza kwenye genge kwa mguu mmoja, kwa mkono mmoja, na anamkumbusha kabisa kwamba huu ndio mkono wangu dhaifu. Anamuuliza unakumbuka nilikuahidi nitakuua wa mwisho, Sully anasema ndio, uliahidi kweli. "Nilidanganya." Kushnei, huyo bondeni. Anarudi kwenye gari, dada aliyekuwa naye anamuuliza umemfanya nini Sully? Anajibu: "Nilimwachia."

Nilimwachia! Yaani hata mwenye tafsiri wetu wa kibanda na Kiingereza chake cha kujitolea angeweza kuitafsiri hiyo ikatoka nzima. Ila sikumbuki kama aliitafsiri, nadhani alisema "sasa tunaenda kwa bosi wao" maana ndio alikuwa anasema kila baada ya mtu kufa.

Na ile ya moteli. Anapigana na jitu jeusi refu, Bill Duke (huyu huyu alikuja kucheza naye tena kwenye Predator 1987), jitu linamtambia kwamba huyu komandoo unayemwona atakupiga, Matrix anamjibu kwamba makomandoo yeye anawanywea chai asubuhi, na saa hizi ana njaa sana. Nimeitafsiri kwa mtoto hivyo hivyo, "nawanywea chai". Wakati wanavunjana makochi, yule dada kajibanza pembeni anasema hawa watu wanakula nyama nyekundu kupita kiasi. Mwandishi wa maneno haya ni Steven de Souza, na ndio mmoja wa walioandika Die Hard miaka mitatu baadaye, na produza wa zote mbili ni Joel Silver, kwa hiyo msidhani hawa watu walikuwa hawajui wanachofanya. Walikuwa wanajua vizuri sana. Sisi kwenye mabati ndio tulikuwa hatujui.

Huyo dada anaitwa Cindy, kacheza Rae Dawn Chong, mhudumu wa ndege aliyekuwa anarudi zake nyumbani akajikuta kwenye vita vya watu. Kusema kweli ndio mtu pekee mwenye akili timamu kwenye picha nzima. Anauliza maswali yote ambayo sisi tungeuliza. Matrix anang'oa siti ya gari yake kwa mikono ili ajifiche chini, anamwambia mfuate yule, na yeye anafika kwenye jumba la maduka anakimbilia kuita walinzi, sasa mtu gani asingeita? Pale ndio kuna ile ya Matrix kunyanyua kibanda cha simu na mtu ndani. Sully yuko ndani anapiga simu, Matrix anakumbatia kibanda chote, anakiinua juu ya kichwa na kukitupa. Hiyo Jumamosi tumeirudia mara nne, mara mbili kwa ombi la mtoto na mara mbili kwa ombi langu.

Na kuna sehemu Matrix kakamatwa na polisi, kapakiwa kwenye karandinga, Cindy anawafuata nyuma na roketi lile la midomo minne. Analiweka begani, anafyatua, kumbe kaligeuza, linaenda nyuma linalipua duka la watu. Analigeuza, anafyatua tena, karandinga chali. Matrix anamuuliza umejifunzia wapi hii kitu, anasema nimesoma maelekezo. Mke wangu alikuwa ameshawahi kurudi kwenye hiyo, kasimama mlangoni na kitenge cha kikao, akasema "huyo ndio mwanamke," akaenda kubadilisha nguo. Hakurudi kuangalia lakini mlango wa chumbani aliuacha wazi.

Tuje kwenye ubora wa kopi maana hii ni rivyuu jamani. Kwanza nilienda kwa kijana mmoja wa mtaani anayeweka muvi kwenye flashi, nikampa buku, akanipa Commando imegeuzwa kama kwenye kioo, saa ya Matrix iko mkono mwingine, na ikakata Bennett, yule adui mwenye sharubu, hajafa. Bennett hajafa! Ni sawa na kupewa wali bila kuambiwa mboga iko wapi. Nikaamua nikodi ya halali mtandaoni, picha safi kabisa, na hapo ndio nikakutana na tatizo ambalo sikulitegemea. Picha ikiwa safi unaona kila kitu.

Enzi za deki na chenga zake, mabomu yakilipuka kule kisiwani kwa Arius, alikofichwa Jenny, tuliona watu wanarushwa. Sasa hivi unaona sanamu. Yaani sanamu kabisa kama za maduka ya nguo, limesimama limekakamaa, limevaa gwanda, linangoja bomu. Mwingine unamwona karuka kabla mlipuko haujamfikia, anapaa vizuri na mikono kaikunjua. Mtoto akasema baba yule si mtu. Nikasema ni mtu. Akachukua rimoti akasimamisha, akasogelea tivii, akaweka kidole: "Hana macho."

Na ndio huyo huyo aliyeniumbua na ile Porsche. Kuna Porsche ya njano ya Sully, kwenye kufukuzana inabinuka inaburuzika kwa ubavu, ubavu wote unachubuka na kubonyea. Baada ya Sully kuachiwa bondeni, Matrix anaisukuma inakaa kwa magurudumu, anaingia na Cindy, anawasha, wanaondoka, na gari ni MPYA. Haina hata mkwaruzo. Nimeiangalia hii picha si chini ya mara ishirini maishani sijawahi kuona. Mtoto kaona mara moja. Nikajaribu kumtetea muongozaji, Mark Lester wa watu, nikasema labda waliipeleka gereji, akasema saa ngapi na wana masaa kumi na moja tu?

Sikuwa na jibu.

Lakini sikilizeni, ndio ninachotaka kusema, hayo hayaipunguzii kitu. Picha za siku hizi za eksheni zina bajeti ya kununua mkoa na kila kitu kinapakwa kompyuta na stelingi ana msongo wa mawazo, anaenda kwa daktari wa akili, anaongea na marehemu baba yake mvuani. Commando ilitengenezwa kwa kama dola milioni 10 ikarudisha zaidi ya milioni 50, na haikuombei msamaha popote. Matrix akitaka silaha anapasua duka la silaha kwa buldoza. Akitaka kwenda kisiwani anachukua ndege ya majini na Cindy anaendesha, alikuwa anajifunza. Anafika, anapiga kasia kwenda ufukweni na chupi ya kuogelea tu, sijui kwa nini hakuvaa nguo kabla, nadhani mikataba ya Schwarzenegger enzi hizo ilikuwa inataka kifua kionekane, jamaa alikuwa Mr. Olympia mara saba sio mchezo. Halafu sasa ndio anavaa. Zipu, kamba za buti, kisu, mabomu, bastola, masizi usoni, kila kifaa kinapigwa picha yake ya karibu na kina mlio wake, chaka, kachaka, chaa. Kule kibandani hiyo sehemu ilikuwa ibada. Hakuna aliyetafuna.

Vita yenyewe ya kisiwani siielezei yote. Jeshi zima la Arius halina hata mmoja mwenye shabaha, wanamimina risasi mita kumi kutoka kwa mtu mwenye mwili wa friji na hawampati, yeye kasimama katikati ya bustani ya maua anafyeka bila hata kulenga. Akikimbilia kwenye kibanda cha mtunza bustani ndio balaa, humo anatoka na misumeno ya duara anairusha kama visahani, panga, shoka, mkono wa mtu umebaki chini. Hapo nilimziba mtoto macho, akawa anaangalia kati ya vidole vyangu. Wazazi zingatieni, hii picha sio ya watoto wadogo, na ile ya moteli nyie kaeni na rimoti mkononi maana kuna sekunde chache za chumba cha jirani ambazo mimi nilizisahau kabisa, nikajifanya nakohoa nikasimama mbele ya tivii.

Muziki ni James Horner, ndio, huyu huyu wa Titanic. Humu kaweka yale mapipa ya chuma ya Trinidad na saksofoni, na kayaweka popote, mtu anakabwa koo na nyuma kunapigwa ngoma ya ufukweni. Mwanzo inakera. Baada ya nusu saa unatikisa mguu.

Kasoro za kweli zipo. Maadui wa Val Verde hawana majina wala sura, ni watu wa Amerika ya Kusini wa kuuawa tu kwa mafungu, ndivyo Hollywood ya miaka ile ilivyokuwa inaona nchi za watu, na ukiwa mtu mzima wa nchi maskini inakugusa kidogo. Na Cindy mwanzoni anakokotwa na kupelekeshwa kwa namna ambayo leo ingekuwa kesi.

Bennett nimemwacha mwisho makusudi. Vernon Wells. Huyu ndio yule wa sharubu tulioambiwa tumwangalie. Kavaa fulana ya minyororo ya chuma inafanana na wavu wa kuvulia dagaa, suruali ya ngozi, sharubu nene, ukimwangalia vibaya unasema Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe, kakasirika na kaongezeka kilo kumi. Alitakiwa kuwa mtu wa kutisha. Ana kitambi! Anapumua kwa shida! Na Matrix anamshinda kwanza kwa maneno, na hii nayo utotoni niliona bila kuelewa. Bennett kamshika Jenny, ana bastola, Matrix ana risasi begani, mchezo umeisha. Matrix anaanza kumchokoza, weka bastola, mwache mtoto, si ulikuwa unataka kuniua kwa kisu huku unaniangalia machoni, njoo, au unaogopa? Na unaona sura ya Bennett inabadilika, jasho, macho yanamtoka, anasema sihitaji bastola, sihitaji mtoto, anavitupa vyote. Ni ujinga mtupu na ni uigizaji bora kuliko wote kwenye picha, huyo mtu alikuwa anacheza kwa moyo wake wote. Wanapigana mpaka Matrix anang'oa bomba ukutani analirusha linapita tumboni na mvuke unatokea upande wa pili, na anamwambia apunguze presha. Hapo tafsiri ilinishinda, "toa mvuke" haina ladha, nikamwambia mtoto kasema "pumua mzee". Akaridhika.

Jenerali, bosi wa zamani wa Matrix jeshini, anafika na wanajeshi wake kila kitu kimeshaungua, anauliza umetuachia chochote? Matrix kambeba mtoto anasema maiti tu.

Pale kibandani hapo ndio jenereta huwa linazimwa na mlango unafunguliwa, jua linakupiga machoni, unatoka nje unatembea umetanua mabega mpaka nyumbani.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya Porsche. Mtoto kasoma hapa nyuma yangu anasema nirudishe, mbona gari yenyewe ilipona.